Mikono Nyuma



Wahariri wa jarida letu hili wametuomba, na huu ni mwezi wa tatu wa kuombwa, tuandike juu ya binti yetu kitinda mimba na kazi aliyoisomea. Wazazi kadhaa wamekuwa wakituuliza baada ya swala ya Ijumaa ni kazi gani hiyo na yasomewa vipi. Tulichelewa kwa sababu hatukuona njia ya kuieleza kazi hiyo bila ya kueleza yaliyotokea ndani ya nyumba yetu, nayo hayatupambi sana. Lakini mtu aliyesahihisha madaftari ya wenziwe kwa miaka 31 hana haki ya kulificha la kwake. Anayeshika kalamu ni mmoja wetu, yule aliyesomesha Jiografia Unguja baada ya kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayesoma kila mstari na kukata anachokiona cha uongo ni mwenziwe aliyekaa upande wa pili wa meza. Kwa hiyo tutasema "sisi", na msomaji asijishughulishe kutafuta nani kasema lipi.

Mwaka 2020 binti yetu aliacha masomo ya biolojia katika chuo kikuu, baada ya mwaka mmoja na nusu, akatwambia kuwa anataka kuingia chuo cha jamii hapa Ohio asomee usaidizi wa okyupesheno therapi. Huko kwetu Afrika ya Mashariki fani hii ipo tangu zamani. Nairobi yafundishwa tangu miaka ya 1960, na Moshi katika hospitali ya KCMC ipo skuli yake. Wapo waiitao tiba kazi na wapo wasemao tiba kwa vitendo. Sisi, pamoja na usomi wetu wote, hatukuwa tumeisikia. Bibi yake, ambaye ni mama mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, alisikiliza, akauliza, "Tiba kazi? Kwani kazi nayo huumwa?" Tulicheka sote, na kicheko kile kilitusitiri, kwa sababu neno lililotukwama kooni halikuwa therapi. Lilikuwa usaidizi. Tumeuza nini, tumevuka bahari ngapi, ili mtoto awe msaidizi? Kwenye harusi, wenzetu walipotaja daktari wao na mhandisi wao, sisi tulisema, "Yuko katika mambo ya hospitali," kisha tukauliza habari za biriani.

Basi tuieleze kazi yenyewe. Kazi inayotajwa katika jina lile si ajira. Ni kila kinachomshughulisha mwanadamu tangu anapofumbua macho: kuvaa, kula, kuoga, kupika, kuandika jina lake, kufunga mlango, kuswali. Mtaalamu wa viungo atakusaidia uweze kutembea mpaka jikoni. Huyu mwingine anakuuliza, ukishafika jikoni utafanya nini, na kwa mkono gani. Chama chao cha mwanzo katika Marekani kiliundwa mwaka 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, na mmoja wa waliokiunda, George Barton, hakuwa daktari bali msanifu wa majengo. Aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza, naye akajirudisha katika maisha kwa kufanya kazi za mikono, bustani na useremala. Vita Kuu ya Kwanza vilipoleta majeruhi wengi, fani ikapata watu wa kuwahudumia. Wasaidizi, yaani daraja alilolisomea binti yetu, walianza kufunzwa rasmi mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mwanzoni fani hii ilitumia sana ufumaji na ususi wa vikapu, na athari yake haijaondoka. Katika muhula wa kwanza, majira ya kupukutika majani ya 2021, binti yetu alirudi nyumbani na kikapu kilichokwenda upande. Bibi, aliyezaliwa Makunduchi na kusuka ukili tangu hajavunja ungo, alikigeuza, akakigeuza tena, akauliza, "Mnalipa dola ngapi afundishwe hiki? Mimi ningemfundisha kwa kikombe cha kahawa."

Kwa wazazi wanaotaka habari zenyewe, ni hizi. Kwanza mwanafunzi husoma masomo ya msingi: muundo wa mwili na utendaji wake, saikolojia, lugha ya kitabibu. Kisha huingia katika programu yenyewe, na yote kwa jumla huchukua kama miaka miwili, wakati mwingine zaidi kidogo, na mwisho wake ni shahada ndogo. Kabla ya kulipa hata senti moja, hakikisheni programu hiyo imeidhinishwa na baraza liitwalo ACOTE, maana asiyehitimu katika programu iliyoidhinishwa haruhusiwi kuufanya mtihani wa taifa wa NBCOT, na bila ya mtihani huo hakuna leseni ya jimbo. Alama za mtihani huanzia 300 hadi 600, na mwenye 450 amefaulu. Mtaalamu mkuu ndiye ampimaye mgonjwa na kuandika mpango. Msaidizi huutekeleza mpango ule chini ya uangalizi wake, huandika maendeleo, hushauri. Msiuchanganye usaidizi huu na kazi ya eidi, ambaye hutayarisha vyombo na kusukuma viti vya magurudumu bila ya kuhitaji shahada wala mtihani. Sisi tuliuchanganya mwaka mzima.

Mwishoni yapo mazoezi ya kazini, wiki zisizopungua 16 za siku nzima, na kwa kawaida hayana mshahara. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Binti yetu alilazimika kuacha kazi yake ya jioni, na kwa kuwa hatukutaka mkopo wa riba, tuliuza kiwanja chetu cha Fuoni, ambacho tulikuwa tumekichora vyumba vyake kwenye karatasi. Karatasi ile tunayo bado. Tunalitaja hili ili ieleweke tulikuwa na hali gani yalipotokea yaliyotokea baadaye.

Jambo moja katika masomo yale lilitufurahisha tangu awali. Huwafundisha kuichambua shughuli: ukitwaa jambo unalolifanya bila ya kufikiri, ulikate hatua kwa hatua, uulize kila hatua yahitaji nini katika vidole, macho, mizani ya mwili na kumbukumbu. Wenziwe walichambua kupiga mswaki na kutengeneza mkate wa siagi ya karanga. Yeye alichambua udhu. Mwalimu wake, asiyekuwa Mwislamu, alimwuliza ni hatua zipi zinaweza kuachwa mgonjwa akichoka, naye akaeleza faradhi na sunna, kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi faradhi ni sita na mengine ni ukamilifu. Mwalimu alistaajabu kuwa watu wa dini hii walikwisha kuipanga kazi ile daraja kwa daraja. Karatasi ile ilipata alama ya juu kabisa. Hatukujua kuwa tungeihitaji.

Bibi alipatwa na kiharusi mwezi wa Februari 2022, alfajiri, theluji ikianguka. Upande wake wa kulia ulilegea na maneno yakamkoroga kinywani. Maneno yalirejea, alhamdulillahi, kabla ya Ramadhani ya mwaka ule. Mkono haukurejea. Baada ya hospitali na wiki chache za mazoezi alirudi nyumbani, nasi tukamhudumia kama tulivyofunzwa na wazee wetu. Mmoja alimwogesha, mwingine alimvisha, wajukuu walimchana nywele. Wakati wa chakula tulimega tonge na kumtia kinywani. Ndugu wasomaji, tulijiona tumepata mlango wa pepo ndani ya nyumba yetu, na waliokuja kutuzuru walisema hivyo hivyo.

Bima ilileta nyumbani msaidizi wa therapi, mama wa Kimarekani wa rika letu, mwenye miwani ya kamba. Siku ya kwanza alimpa Bibi sweta lake la vifungo, akakaa kitini, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo. Bibi akaanza kuhangaika na kifungo cha kwanza. Dakika kumi na moja. Saa ya ukutani iko mbele yetu, tulizihesabu. Mmoja wetu alipoinuka kwenda kusaidia, yule mama alitikisa kichwa kwa tabasamu. Tulikaa, lakini damu ilituchemka. Twawezaje kumtazama mama yetu anatoka jasho kwa kifungo, na mgeni anayelipwa akiwa ameficha mikono?

Likaja na la chakula. Alipendekeza Bibi azoee kula kwa mkono wa kushoto. Bibi alifumba kinywa. Lugha yetu yenyewe imeuita mkono ule mwingine mkono wa kulia, nao ndio tuliofunzwa kulia tangu utotoni. Twajua kuwa dharura ina hukumu yake, naye Bibi ajua kuliko sisi, lakini mama wa miaka themanini na zaidi hageuzwi kwa hoja. Yule mama hakushindana naye. Aliandika kitu, na mara iliyofuata alikuja na kijiko chenye mpini mnene wa sponji. Akiondoka tu, sisi tulikifungia kijiko kabatini, tukaendelea na matonge yetu. Ziara za bima zilipomalizika, tulifurahi.

Mwaka ukapita. Mwezi wa Februari 2023 binti yetu alianza wiki nane za kwanza za mazoezi katika nyumba ya wazee. Yapo aliyoyaogopa, na tuyaseme wazi kwa kuwa wasichana wengine watayauliza: kazi hii ina kuogesha na kuvisha, na wagonjwa ni wanawake na wanaume. Alimwuliza imamu wetu, akaambiwa kuwa tiba huruhusu kile kinachohitajika na huishia hapo hapo. Aliomba kupewa wanawake kila ilipowezekana, mara nyingi akakubaliwa, mara nyingine hakukubaliwa. Hijabu haikumletea taabu. Aliifunga fupi, ncha zikiwa ndani ya nguo. Kumbe mtihani wake ulikuwa mahali pengine kabisa.

Wiki ya nne msimamizi wake alimpa tathmini ya katikati, naye alikuwa chini ya kiwango. Kosa lilikuwa moja: anasaidia mno. Katika kazi hii kila kitu hupimwa kwa mafungu ya mia. Mgonjwa akifanya asilimia 75 au zaidi ya shughuli mwenyewe, msaada huitwa mdogo. Akifanya nusu hadi hapo, ni wa wastani. Akifanya robo hadi nusu, ni mkubwa. Chini ya robo, ni msaada wa kila kitu. Binti yetu aliandika kuwa mwanamke mmoja mzee amevaa soksi zake kwa msaada mdogo. Msimamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwambia, "Asilimia 75 ni zako wewe." Alimwona akiinama kabla ya yule mzee hajaomba, akimnyooshea kidole cha mguu, akimvutia soksi, akimwita bibi. Binti yetu alijibu kuwa kwao mtoto hasimami akamtazama mzee anahangaika. Msimamizi akasema, "Hapa utasimama, au hutapita."

Alirudi akilia. Sisi tulifikiri juu ya kiwanja cha Fuoni, twakiri. Kisha tulimlaumu msimamizi, tukasema watu hawa wazee wao wamewatupa katika majumba, watatufunza nini sisi? Binti yetu hakutujibu. Alikuwa anamtazama Bibi, aliyekaa pembeni na mkono wake wa kulia mapajani, vidole vimejikunja kama jani kavu.

Kesho yake usiku, chakula kilipoandaliwa, mmoja wetu alimega tonge kama kawaida. Binti yetu aliuzuia mkono wetu. Kwa upole, lakini aliuzuia. Akasema, "Niwieni radhi. Mkono wake haukufa, umesahauliwa. Kila siku mnayomlisha, unasahauliwa zaidi. Na mimi nimewasaidia." Akatoa kile kijiko kabatini.

Hatutayaandika yote tuliyoyasema. Tulimwuliza kama amesoma ili aje awanyime wazee chakula. Neno radhi lilitajwa, na si mahali pake lilipotajwa. Mmoja wetu aliondoka mezani. Mchuzi ulipoa. Ndipo Bibi akasema, "Mwacheni." Halafu, baada ya kimya, akasema kitu ambacho kwa mwaka mzima hakukisema: kwamba wageni wakija husingizia usingizi ili asilishwe mbele yao kama mtoto mchanga, kwamba aliogopa kutwambia, asije akatuvunja moyo katika thawabu zetu.

Tulikuwa tumeona kuwa analala sana. Tuliita uzee.

Kuanzia pale kazi ilikuwa ndefu na wala haikupendeza kuitazama. Sahani iliwekwa juu ya kipande cha mpira kisichoteleza. Mkono wa kushoto uliubeba wa kulia, na wa kulia ukakibeba kijiko. Wali ulimwagika zaidi kuliko ulivyoliwa. Kiamshakinywa kilichukua dakika arobaini. Kwa udhu ilitolewa ile karatasi ya chuoni: kiti mbele ya beseni, faradhi kwanza, sunna siku za nguvu, na swala ameketi. Kitambaa chenye maji hukamuliwa kwa mkono mmoja kwa kukizungusha kwenye bomba na kukisokota. Katika kuvaa, mkono dhaifu hutangulia kuingia. Katika kuvua, hutoka mwisho. Mwaka mzima tulikuwa tukifanya kinyume, tukimwumiza, naye akinyamaza. Na jambo moja tunawaomba mlichukue hata kama mtasahau mengine yote: mgonjwa wa kiharusi msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza wala kwa kumbeba kwapani. Bega lile halina misuli ya kulishikilia na hutoka mahali pake kwa urahisi. Sisi tulimwinua hivyo kila siku, kwa Bismillahi.

Haukurudi wote, mkono ule. Tusiwadanganye. Bibi hasuki tena ukili, na alipojaribu mara moja aliweka chini akatuomba tuondoe miyaa machoni pake. Pengine tungeanza mapema ingekuwa vingine; binti yetu hataki kutujibu swali hilo, akisema hakuna ajuaye, nasi twaona ni huruma.

Yeye alipita mazoezi yale kwa shida na yale ya pili kwa wepesi. Mtihani wa taifa hakuufaulu mara ya kwanza, alipata 441; alirudia akafaulu mwishoni mwa 2023. Sasa anafanya kazi katika nyumba nyingine ya wazee. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, msaidizi wa kati katika nchi hii alipata zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, ingawa binti yetu hajafika huko, maana saa hupunguzwa wagonjwa wanapopungua. Tena tangu mwaka 2022 Medicare, bima ya serikali ya wazee, hulipa asilimia 85 tu ya kiwango kazi inapofanywa na msaidizi badala ya mtaalamu mkuu. Mzazi anayedhani hii ni njia ya utajiri, atazame kwingine. Huja nyumbani miguu inamwuma, na siku nyingine mtu wake wa jana hayupo tena kitandani.

Tukiulizwa kwenye harusi, tunasema msaidizi wa tiba kazi, neno zima, na kama mtu ana nafasi tunamweleza.

Limebaki moja, nalo lawahusu nyinyi. Ndugu kadhaa wamelalamika kwamba Ijumaa tunafika msikitini hutuba imekwisha kuanza, na kwamba wametuona katika uwanja wa magari, baridini, tumesimama sisi wawili mikono nyuma huku mama mzee anahangaika peke yake na mkanda wa gari na vifungo vya koti. Ni kweli, ni sisi. Mkanda huchukua dakika tatu, koti lina vifungo vitano, na cha juu ndicho kigumu. Tumeanza kutoka nyumbani saa sita kamili ili tuwahi. Atakayetaka kumsaidia, kwanza amwamkie, kisha amwulize yeye mwenyewe, asituulize sisi. Mara nyingi atasema hapana.